Stempu na hati za vita: ukongwe peke yake hauna bei

Habari za "mali ya Mjerumani" hazijawahi kukosa wasikilizaji, bara wala pwani. Kila baada ya muda hujitokeza mtu mwenye kasha la bati lililoachwa na marehemu babu yake. Ndani yake mna bahasha zilizoliwa na mende, noti yenye maandishi ya Kijerumani, au hati nene yenye mapambo na saini. Bei inayotajwa huwa ya mamilioni. Mara nyingi hutajwa pia mnunuzi wa Ulaya ambaye hajaonekana, na "gharama za upimaji" ambazo lazima zilipwe kwanza.

Miongoni mwa karatasi hizo zipo zenye thamani ya kweli. Zipo pia, tena ndizo nyingi, ambazo hazifikii hata nauli ya kuzipeleka kwa mthamini. Hasara humwangukia asiyejua kuzitofautisha: mwenye mali anayeuza bahasha nzuri kwa bei ya chai, au mfanyabiashara anayefungia mtaji wake katika bunda la karatasi zisizo na mteja.

Kosa lao wote ni moja. Wanauliza kitu kina umri gani, wakati soko linauliza mambo mengine kabisa.

MAFUNGU MAWILI, MASWALI MAWILI

Kabla ya kutaja bei yoyote, karatasi zilizomo ndani ya kasha zigawanywe katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la ahadi za malipo: hati fungani za vita, vyeti vya akiba na noti za benki. Kila moja ilipotolewa ilikuwa deni. Swali lake ni kama mdaiwa bado yupo na kama bado analipa.

Fungu la pili ni la stempu, bahasha na kadi za posta. Hapo hakuna deni linalodaiwa. Swali ni kama yupo anayezitaka, na kwa sababu gani.

Mgawanyo huo ndio unaoamua mtu aanzie wapi. Mwenye hati fungani huanza kwa mdaiwa, na barua ya kuuliza haina gharama kubwa. Mwenye stempu huanza sokoni. Mdaiwa anapokuwa ameshalipa, amefilisika au amekana deni, hapo ndipo hati nayo huhamia kwenye soko la wakusanyaji na kupimwa kwa mizani ileile ya stempu.

UINGEREZA YALIPA BAADA YA MIAKA 98

Mfano wa mdaiwa aliye hai ni Serikali ya Uingereza. Mwaka 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto, ilikopa kwa wananchi wake kwa riba ya asilimia 5. Mwaka 1932 Waziri wa Fedha, Neville Chamberlain, aliwataka wenye hati hizo wakubali kupewa nyingine za asilimia 3.5, zisizo na tarehe maalumu ya kuiva. Wengi walikubali, na kwa miaka zaidi ya 80 riba hiyo ndogo iliendelea kulipwa kwao na kwa warithi wao.

Tarehe 9 Machi 2015 Serikali ililipa salio lote la mkopo huo. Lilikuwa karibu Paundi bilioni 1.9, na wenye hati walikuwa zaidi ya 120,000. Malipo yalifuata thamani iliyoandikwa: aliyekuwa na hati ya Paundi 100 alilipwa Paundi 100. Familia iliyoshikilia hati yake tangu 1917 ilirudishiwa idadi ileile ya paundi, ingawa paundi ya 2015 haikuweza kununua hata sehemu ndogo ya vile ilivyonunua paundi ya 1917. Faida yao ilikuwa riba ya kila mwaka. Umri wa karatasi haukuwaongezea senti.

Lipo jambo jingine ambalo mfanyabiashara anapaswa kulizingatia. Hati za aina hiyo ziliandikishwa kwenye daftari kwa jina la mwenye mali. Anayelipwa ni aliyemo kwenye daftari, au mrithi wake mwenye uthibitisho wa kifo na wa mirathi. Karatasi ni kumbukumbu tu ya maandishi hayo. Kwa hiyo mtu anayenunua mtaani cheti cha Paundi 500 chenye jina la mtu mwingine hajanunua Paundi 500. Amenunua karatasi. Lakini mjukuu mwenye jina la ukoo lilelile akiikuta katika vitu vya marehemu, asikimbilie kuiuza kabla hajaandikia ofisi inayotunza daftari hilo. Huenda yapo malipo ambayo hayajadaiwa.

STEMPU ZA AKIBA ZA MAREKANI

Marekani ilitumia njia inayowachanganya watu hadi leo, kwa sababu iliunganisha stempu na hati. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ziliuzwa stempu za akiba za senti 10, senti 25 na zaidi. Mnunuzi alizibandika kwenye kijitabu hadi zitimie Dola 18.75, kisha akabadilishiwa na kupewa hati fungani ya Mfululizo E. Hati hiyo iliandikwa Dola 25, na ndicho kiasi ambacho mwenyewe angelipwa ikiiva baada ya miaka 10.

Stempu hizo hazikuwa za posta. Haikuruhusiwa kutumia barua kwa stempu hizo, na anayezitafuta katika orodha ya stempu za kawaida za posta atapoteza muda wake.

Kuhusu hati zenyewe, Serikali ya Marekani iliongeza muda wa riba hata baada ya kuiva. Zilizotolewa kuanzia Mei 1941 hadi Novemba 1965 zilipata riba kwa miaka 40. Hii ina maana kwamba hati ya Desemba 1945 ilikoma kupata riba Desemba 1985, na zote za wakati wa vita zilizotangulia zilikoma kabla ya hapo. Hazijafutwa. Wizara ya Fedha ya Marekani bado inazilipa kwa kiasi zilichofikia siku riba ilipokoma, na imeweka kikokotoo kwenye tovuti yake kinachoonyesha kiasi hicho kwa mwezi na mwaka wa kutolewa.

Hapa pia jina ndilo mali. Hati za Mfululizo E haziuziki kwa mtu mwingine. Hulipwa mwenyewe, aliyeandikwa pamoja naye, au warithi wao. Kwa familia yenye haki, kuziweka kabatini ni hasara ya wazi, kwa maana ni fedha isiyozaa huku bei za vitu zikipanda.

MDAIWA ALIYEKUFA

Upande wa pili wa vita mambo yalikwenda vingine. Ujerumani ilitoa mikopo tisa ya vita kati ya 1914 na 1918, ikakusanya karibu Mark bilioni 98. Waliokopesha walikuwa walimu, wajane, wenye maduka na mashirika ya akiba. Serikali haikuwakana. Mfumuko wa bei ndio uliowamaliza. Ilipofika Novemba 1923, Mark trilioni 1 za karatasi zilikuwa sawa na Rentenmark 1. Deni lote la vita halikuweza tena kununua hata kitu kidogo dukani.

Mwaka 1925 ilipitishwa sheria ya kuwapa fidia kidogo. Hati ya Mark 1,000 ilibadilishwa kwa Reichsmark 25, yaani asilimia 2.5, na waliokuwa wamezishika tangu kabla ya Julai 1920 wakapewa nafuu ya ziada kwa njia ya bahati nasibu. Mtu anayekuta leo hati ya Mark 5,000 ya mwaka 1917 asihesabu Mark 5,000. Mlango huo ulikwisha fungwa.

Urusi ilikwenda mbali zaidi. Mapema mwaka 1918 serikali mpya ya Wabolsheviki ilikana madeni yote ya mfalme, ya vita na ya reli. Wafaransa, ambao ndio waliokuwa wamekopesha zaidi, walishikilia karatasi zao kizazi baada ya kizazi. Novemba 1996 Urusi ilikubali kuilipa Serikali ya Ufaransa Dola milioni 400 kumaliza madai hayo. Kwa familia moja moja lilikuwa fungu dogo, tena kwa waliojiandikisha kwa wakati tu.

Hati zilizokufa namna hiyo zina soko lake. Tangu miaka ya 1970 wapo wakusanyaji wa hati za zamani za fedha katika Ulaya na Marekani. Hawa hawanunui kiasi kilichoandikwa. Wanaangalia uzuri wa uchapaji, idadi iliyobaki, saini ya mtu maarufu, kuponi za riba ambazo hazijakatwa, na habari inayobebwa na hati. Hati ya Mark 1,000 iliyotolewa kwa mamilioni inaweza kupitwa mbali na hati ya kiasi kidogo ya kampuni isiyojulikana ambayo zimebaki nakala chache.

NOTI ZA MUDA ZA TANGANYIKA

Kwa wasomaji wa Tanzania, ahadi ya vita inayoonekana mara nyingi zaidi ni noti. Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za kivita za Uingereza ziliziba njia za baharini, na koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani likakosa noti kutoka Ujerumani. Benki ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ikachapisha noti zake hapahapa nchini kuanzia 1915: Rupia 1, 5, 10, 20, 50 na 200. Ziliitwa noti za muda, kwa maana ya kwamba zingebadilishwa baadaye. Mwaka 1917, majeshi ya Ujerumani yakiwa yanahamahama porini, nyingine zilipigwa kwa herufi za mpira, kazi ambayo inaonekana kwa macho.

Kabla ya vita Rupia 15 zilikuwa sawa na Mark 20. Baada ya vita koloni lilitoweka, na rupia yenyewe ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikafuatwa na florini na kisha shilingi. Aliyebaki na noti ya muda alibaki na deni lisilo na mdaiwa. Hakuna dirisha la benki, Dar es Salaam wala Berlin, linalozibadilisha, na anayesema analijua dirisha hilo asiaminiwe.

Bei yake sasa ni ya wakusanyaji, na haifuati tarakimu wala umri. Noti za Rupia 1 zilichapwa kwa wingi mno, na bado zinapatikana bila shida katika minada ya Ulaya. Ile ya Rupia 200 ni adimu. Kati ya hizo mbili kuna aina nyingi zinazotofautiana kwa tarehe, herufi ya mfululizo na saini, na tofauti ndogo ya saini inaweza kubadili bei.

Inafaa kuzilinganisha na sarafu ya dhahabu ya Rupia 15 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo. Zilitengenezwa 16,198. Kila moja ina gramu 7.168 za dhahabu ya kiwango cha 750 kwa 1,000, yaani karibu gramu 5.4 za dhahabu safi. Hata wakusanyaji wote wakitoweka kesho, sonara atainunua. Sarafu hiyo ina sakafu ya bei. Karatasi haina.

HAZINA ILIYOFUKIWA KWELI

Kwa upande wa stempu, ipo hadithi moja ya hazina ya Mjerumani ambayo ni ya kweli. Stempu za koloni zilipokaribia kwisha, misheni ya Wuga huko Usambara ilichapa stempu za Heller 2½, Heller 7½ na Rupia 1 mwaka 1916. Kabla hazijaanza kutumika, meli ya Marie ilipenya kizuizi cha Waingereza na kutia nanga ghuba ya Sudi, kusini mwa nchi, Machi 1916. Ndani ya shehena yake zilikuwamo stempu. Zile za Wuga hazikuhitajika tena. Zilifukiwa ardhini ili zisitekwe, na baada ya vita zikafukuliwa na kuuzwa kwa mnada huko Ujerumani. Unyevu ulikuwa umezigandanisha na kuziharibu nyingi.

Wakusanyaji wanazitafuta hadi leo, lakini hazina hiyo ilikwisha chukuliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Asiye na kumbukumbu za wapi stempu yake ilitoka asishangae mnunuzi akiitilia mashaka.

Stempu za kawaida za koloni hilo ni zile zenye picha ya meli ya Kaiser, Hohenzollern. Nyingi za thamani ndogo ziliuzwa pia Berlin moja kwa moja kwa wakusanyaji, ndiyo maana zisizotumika zimejaa sokoni. Kinachopandisha bei mara nyingi ni mhuri halisi wa posta ya mahali padogo, wenye tarehe inayosomeka, hasa wa kipindi cha vita cha 1914 hadi 1916. Bahasha nzima yenye mhuri huo, anwani na alama ya mkaguzi wa barua ni bora kuliko stempu iliyong'olewa. Wengi huziloweka stempu kwenye maji ili "zisafike", na kwa kitendo hicho hufuta sehemu kubwa ya bei kwa mikono yao.

Kundi jingine ni stempu zilizogongwa maandishi juu na majeshi yaliyoingia nchini. Stempu za India ziligongwa herufi I.E.F. kwa ajili ya kikosi cha India. Kisiwani Mafia, kilichotekwa Januari 1915, stempu ziligongwa G.R. MAFIA. Za Nyasaland ziligongwa N.F. mwaka 1916. Za Afrika Mashariki na Uganda ziligongwa G.E.A. mwaka 1917. Wabelgiji waligonga za Kongo kwa ajili ya maeneo waliyoyakalia, na Wareno waligonga KIONGA juu ya stempu za Lourenço Marques walipolichukua eneo hilo dogo la kusini mwa mto Ruvuma.

Katika kundi hili ndimo ulaghai umejaa zaidi. Stempu ya msingi inaweza kuwa ya bei ndogo, na maandishi yaliyogongwa juu ndiyo yanayoifanya kuwa ghali. Anayetaka kudanganya anahitaji stempu ya kawaida na mhuri wa bandia tu. Zile za Mafia zimeghushiwa sana.

Za Vita ya Pili zinaonekana zaidi kwa kuwa ni za karibuni. Mwaka 1941 na 1942, stempu za Afrika Kusini ziligongwa majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda kwa thamani ya senti 5, 10, 20 na 70, kwa sababu shehena kutoka Uingereza zilikuwa zikichelewa. Zina historia nzuri, lakini si adimu. Kinyume chake, stempu za kawaida za Mfalme George wa Sita za nchi hizo tatu zinaweza kumshangaza mtu: mbili zilizo sawa kwa picha na rangi hutofautiana sana kwa bei kwa sababu ya idadi ya meno ya pembeni. Kipimo cha meno ni kadi ndogo ya bei nafuu, na ndicho chombo cha kwanza cha biashara hii.

KOSA MOJA LA UCHAPAJI

Nguvu ya uadimu inaonekana wazi katika stempu ya ndege ya Marekani ya Mei 1918. Ilikuwa ya senti 24, na zilichapwa zaidi ya milioni 2. Karatasi moja yenye stempu 100 ilipita ikiwa na ndege iliyochapwa kichwa chini. Mtu aliyeinunua dirishani, William Robey, alilipa Dola 24 kwa stempu zote 100. Novemba 2023 stempu moja kati ya hizo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya Dola milioni 2.

Stempu dada zake, za mwaka uleule, mtambo uleule na rangi zilezile, zina bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu. Umri ni mmoja. Kilichotofautiana ni idadi: 100 dhidi ya zaidi ya milioni 2. Tena iliyoweka bei hiyo ya 2023 ilikuwa imehifadhiwa vizuri isivyo kawaida, gundi yake ikiwa haijaguswa. Hata miongoni mwa zile 100, zenye mikunjo au zilizobanduliwa huuzwa kwa sehemu tu ya bei hiyo.

HESABU YA MUUZAJI

Wengi huharibikiwa kwenye hesabu. Mtu hufungua orodha ya Stanley Gibbons, ambayo ni maarufu kwa stempu za Uingereza na makoloni yake, au ya Michel kwa za Ujerumani, akaona tarakimu na kuiita mali yake. Bei ya orodha kwa kawaida ni ya mwenye duka anapomuuzia mteja stempu nzuri isiyo na dosari. Si bei ambayo duka litampa anayeleta.

Chukulia, kwa mfano tu, stempu iliyoandikwa Paundi 200 kwenye orodha. Mnadani ikapata Paundi 80. Kamisheni ya mnada ikiwa asilimia 15, Paundi 12 zinaondoka. Cheti cha uhalali kikigharimu Paundi 40, na kuituma kwa rejista na bima Paundi 20, muuzaji anabaki na Paundi 8. Angekubali Paundi 25 za taslimu kutoka kwa mnunuzi wa karibu, angekuwa amepata mara tatu zaidi.

Sasa chukulia ya pili, iliyoandikwa Paundi 2,000, ikapata Paundi 800. Kamisheni ni Paundi 120, cheti na usafirishaji Paundi 60. Zinabaki Paundi 620. Hapa cheti kimejilipia, na bila cheti pengine mnada usingeipokea kabisa.

Fundisho ni kwamba gharama za uthibitisho hazipungui sana hata kitu kikiwa cha bei ndogo. Vitu vidogo viuzwe kwa mkupuo, vikiwa vimepangwa. Kile kinachoonekana kuwa cha pekee ndicho kitafutiwe cheti. Vyombo vinavyotambuliwa ni pamoja na kamati ya uhakiki ya chama cha kifalme cha stempu cha London, na chama cha wahakiki wa Ujerumani kinachojulikana kwa herufi BPP, ambacho wahakiki wake hushughulikia pia stempu za makoloni ya Kijerumani.

UTARATIBU WA KUFUATA

Anayekuta karatasi za vita, au anayeletewa azinunue, anaweza kujiepusha na hasara kwa kwenda hatua kwa hatua, akianza na zile zisizo na gharama.

Kwanza, asisafishe, asiloweke, asikate na asibandike kwa gundi ya karatasi. Kila kitu kibaki kilivyokutwa, mahali pakavu pasipo na mwanga mkali.

Pili, atengeneze orodha: nchi, mwaka, thamani iliyoandikwa, jina la mwenyewe, namba na hali. Apige picha pande zote mbili.

Tatu, kwa hati fungani, amtafute mdaiwa au ofisi inayotunza daftari lake na aulize kwa maandishi. Asimpe mtu wa kati hati halisi kabla ya jibu.

Nne, kwa stempu na hati zilizokufa, aangalie bei zilizolipwa kweli katika minada iliyopita. Bei inayoombwa na muuzaji haithibitishi kitu; mtu anaweza kuomba lolote. Nyumba nyingi za mnada huweka matokeo yao wazi.

Tano, apate makadirio mawili au zaidi kutoka kwa watu wasiohusiana. Anayekadiria na papo hapo akataka kununua ana sababu ya kutaja bei ndogo. Anayekadiria kwa ada ya asilimia ya thamani ana sababu ya kutaja bei kubwa.

Sita, asilipe fedha ya mbele kwa sababu ya ahadi ya mnunuzi aliyeko mbali. Mnada halali hukata kamisheni yake kwenye mauzo, na bei ya cheti hutangazwa wazi. Anayedai fedha za "kibali", "upimaji" au "kufungulia akaunti" ili alipe mamilioni kwa noti ya Rupia 1 anauza ndoto.

KWA MWEKEZAJI WA LEO

Kwa mwekezaji mdogo aliyenunua hati fungani za Serikali ya Tanzania, habari hizi za vita zinamhusu moja kwa moja. Hati zake hazina karatasi nene yenye mapambo. Zimo katika daftari la kielektroniki la Benki Kuu kwa jina lake. Hakuna mende atakayezila. Lakini pia hakuna mjukuu atakayezikuta ndani ya kasha.

Familia zilizolipwa mwaka 2015 kwa mkopo wa 1917 zililipwa kwa sababu jina lilikuwa kwenye daftari na kulikuwa na mtu aliyejua. Mwekezaji anayetaka warithi wake wasihangaike aandike namba ya akaunti yake, dalali au benki aliyopitia, na tarehe za kuiva, kisha aiache karatasi hiyo pamoja na wosia wake. Itakuwa na faida kwao kuliko kasha zima la stempu.